Namna ya Kuchagua Kiongoza Kebo cha Winchi ya Kukwamulia Gari

Mtu anaponunua winchi ya kukwamulia gari, macho yake huenda kwenye nguvu ya mota, urefu wa kebo na namna swichi inavyoshikika mkononi, na kiongoza kebo hupokelewa vilevile kilivyokuja ndani ya boksi. Kiongoza kebo ni kile kipande kinachofungwa mbele ya winchi, kwenye bampa au kwenye sahani inayobeba winchi yenyewe, ili kebo ipite humo inapotoka na inaporudi kwenye dramu, yaani ile ngoma ya winchi ambayo kebo huzungushwa juu yake. Kazi yake ni kuizuia kebo isisuguane na ukingo wa bampa, na kuiongoza iingie kwenye dramu hata pale gari linapokuwa limekwama kiupande na mti wa kufungia hauko mbele yake sawasawa. Kati ya winchi na kulabu, hakuna kipande kingine ambacho kebo hukigusa ikiwa imekazwa kwa nguvu zote, na ndiyo maana kiongoza kisichoendana na kebo huimaliza kebo nzuri kabla ya wakati wake.

Kebo ndiyo inayoamua

Viongoza kebo viko vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni kiongoza cha rola, yaani fremu ya chuma yenye rola nne, mbili zilizosimama na mbili zilizolala, ambazo huzunguka kebo inapopita juu yake. Aina ya pili ni kiongoza cha mdomo, yaani kipande kimoja cha alumini au cha chuma chenye tundu refu ambalo kingo zake zimeviringwa. Hakina kitu kinachozunguka, na kebo huteleza tu juu ya mdomo huo. Wengi huuliza ipi kati ya hizo mbili ni bora, lakini swali hilo halina jibu mpaka ijulikane kwanza kebo iliyomo kwenye dramu ni ya namna gani.

Kebo ya chuma huhitaji rola. Kebo hiyo imesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba na ngumu, na inapoburutwa juu ya chuma kisichozunguka hukisaga, nayo yenyewe ikasagika. Rola inayozunguka vizuri huondoa sehemu kubwa ya msuguano huo. Ukiipitisha kebo ya chuma kwenye mdomo wa alumini, itauchimba mifereji, kwa sababu alumini ni laini kuliko chuma, na mifereji hiyo haichukui muda mrefu kuonekana kwa macho. Baadhi ya winchi ndogo za pikipiki za magurudumu manne huja na mdomo wa chuma kwa ajili ya kebo ya chuma, na kwa mizigo yao midogo mpangilio huo unakubalika. Kwa gari zima siupendekezi.

Kamba ya sintetiki, kwa upande wake, huhitaji uso laini usio na kona. Kamba nyingi za winchi hutengenezwa kwa nyuzi za polietilini ya nguvu kubwa, ile inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Dyneema. Ni nyuzi zenye utelezi wa asili, kwa hiyo hazihitaji rola za kuzisaidia kupita, lakini zina maadui wawili: kitu chenye makali na joto. Zinayeyuka kwenye nyuzijoto 144 hadi 152 hivi, na huanza kupoteza nguvu mapema zaidi ya hapo. Mdomo wa alumini unazifaa kwa sababu zote mbili, kwani alumini ikichongwa na kung'arishwa huwa laini sana, na pia huondoa joto kwa haraka kuliko chuma cha kawaida kwa takriban mara nne. Chuma kisichoshika kutu kinapendeza kwa macho, lakini katika kuondoa joto kiko nyuma hata ya chuma cha kawaida.

Je, kamba ya sintetiki haiwezi kupita kwenye rola kabisa? Inaweza, ikiwa rola ni mpya, ni laini, na mtengenezaji wake amesema wazi kwamba zimekusudiwa kamba hiyo. Shida iko kwenye rola za kawaida, ambazo zile zilizosimama na zile zilizolala haziko kwenye mstari mmoja. Panapokutana pembe zake hubaki mwanya mdogo. Kebo ya chuma ni ngumu, haiingii humo. Kamba ya sintetiki hulainika na kubonyea ikibanwa, na gari likivutwa kwa pembe, kamba husukumwa mpaka kwenye kona ile ile yenye mwanya, ikajipenyeza na kubanwa kati ya ncha ya rola na fremu. Aidha, rola iliyokwisha kutumiwa na kebo ya chuma hubaki na vichomo vidogo ambavyo jicho halivioni lakini nyuzi za kamba huvihisi.

Kutokana na hayo, anayeondoa kebo ya chuma na kuweka ya sintetiki abadilishe na kiongoza siku hiyohiyo. Wengi huhamia sintetiki kwa sababu ya wepesi wake, maana mita 28 za kebo ya chuma ya milimita 9 hufikia kilo 10 hivi, na kamba yenye urefu huo haifiki hata kilo 2. Wengine huhama kwa sababu kamba ikikatika hairuki kwa ukali wa kebo ya chuma. Sababu hizo ni za kweli, lakini faida yake hupotea kamba mpya inapopitishwa kwenye rola zilizochakazwa na waya. Dramu nayo ikaguliwe, kwa kuwa kebo ya chuma huacha mikwaruzo humo pia, na mikwaruzo hiyo ipigwe msasa kabla ya kamba kuzungushwa. Anayerudi kinyume, kutoka sintetiki kwenda chuma, hulazimika vilevile kuuweka kando mdomo wake wa alumini. Na kama ana matumaini ya kurudia kamba siku moja, auhifadhi ukiwa safi badala ya kuuacha uchimbwe.

Vipimo vinavyotakiwa kulingana

Baada ya aina, kinachofuata ni vipimo, na hapa ndipo manunuzi mengi ya haraka huharibika. Kipimo cha kwanza ni umbali kati ya matundu mawili ya bolti, ukipimwa kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Kwa winchi za kawaida za magari, umbali huo ni milimita 254, na viongoza vingi vya magari hutengenezwa kwa kipimo hicho. Winchi ndogo za pikipiki za magurudumu manne hutumia umbali mfupi, mara nyingi milimita 124 hivi, na kati ya hizo mbili kuna vipimo vingine vya winchi zenye dramu pana kidogo. Usikubali kuambiwa kwamba kitaingia tu. Pima kwenye bampa lako, kisha pima kwenye kiongoza chenyewe.

Kipimo cha pili husahaulika zaidi, nacho ni upana wa tundu la kiongoza ukilinganishwa na upana wa dramu. Tuseme dramu ina upana wa milimita 230 kati ya kuta zake mbili, na umelenga mti ulioko mita 20 mbele, sawa kabisa na katikati ya gari. Kebo inapotoka ukingoni mwa dramu kwenda kwenye mti huo, hupinda kwa theluthi moja tu ya nyuzi moja ya pembe. Kwa dramu isiyo na mifereji, mafundi wa mitambo ya kunyanyulia hujaribu kutovuka nyuzi 1.5 hivi, na katika mfano wetu kiwango hicho hakifikiwi mpaka gari liwe mita 4.4 kutoka kwenye mti. Sasa chukua kiongoza chenye tundu la milimita 180 tu, kilichofungwa milimita 100 mbele ya dramu. Kebo inayotoka ukingoni hulazimika kusogea ndani milimita 25 katika umbali huo mfupi, yaani hupinda kwa nyuzi 14, hata kama gari linavutwa moja kwa moja mbele. Itasugua ukuta wa kiongoza kila inapofika pembeni mwa dramu, nayo itakuwa ikirundikana katikati badala ya kujipanga. Kwa hiyo tundu lenye upana unaokaribia ule wa dramu ni bora kuliko jembamba, hata kama lile jembamba limetengenezwa kwa umaridadi zaidi.

Kimo nacho kina neno lake. Dramu ikiwa imejaa, kebo hutoka mahali tofauti na inapokuwa imebaki mizunguko michache, na winchi nyingine huvuta kebo kutoka chini ya dramu wakati nyingine huvuta kutoka juu. Kabla ya kutoboa bampa, nyoosha uzi kutoka kwenye dramu hadi nje katika hali zote mbili, na uhakikishe kwamba uzi unapita ndani ya tundu bila kugusa bampa lenyewe. Bampa la bamba nene lina ukingo wake, na mara nyingine kebo huponea kiongoza ikaenda kukatwa na ukingo ulio nyuma yake. Ukingo huo upigwe tupa, au ununuliwe mdomo wenye kola inayoingia ndani ya tundu la bampa.

Kuna pia suala la kiasi gani kiongoza hutokeza mbele. Cha rola hutokeza kwa sentimita 6 au 7, na cha mdomo kwa milimita 25 hadi 40. Kwa anayepanda mawe na kingo za mito, tofauti hiyo hupunguza pembe ambayo gari linaweza kuingilia mlima bila kugonga pua. Kwa wengine haina uzito mkubwa, ila ikiwa kibao cha namba ya gari kimewekwa mbele ya kiongoza, hakikisha kinaweza kuondolewa kirahisi kabla ya kuvuta.

Kuvuta kwa pembe na mzigo unaokwenda kwenye bolti

Wauzaji huandika uwezo wa kiongoza kana kwamba ni namba moja, lakini mzigo unaokifikia hutegemea pembe. Kebo ikitoka moja kwa moja, kiongoza karibu hakibebi chochote; kebo ikipinda, kiongoza ndicho kinachoipindisha, na nguvu inayokisukuma huongezeka kadiri pembe inavyoongezeka. Chukua winchi ya kilo 4,300, ambayo ni kipimo cha kawaida kwa magari ya kati. Kebo ikipinda nyuzi 30 huku winchi ikivuta kwa uwezo wake wote, kiongoza husukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 2,200. Kwa nyuzi 60, husukumwa kwa kilo 4,300 kamili, sawa na mvuto wote wa winchi. Kwa nyuzi 90, husukumwa kwa zaidi ya kilo 6,000. Bolti mbili tu ndizo zinazobeba mzigo huo, pamoja na bamba zilizokazwa juu yake.

Mtu anayejua kwamba mara nyingi hukwama mahali pasipo na mti mbele, pengine kwenye barabara nyembamba za msituni, achague kiongoza kizito chenye fremu au mwili mnene, na asiridhike na kile chembamba cha mapambo. Lakini kuna jambo ambalo ni bora kuliko kiongoza chochote: kapi. Ukifunga kapi kwenye mti ulio karibu na mstari wa mbele ya gari na kuipindisha kebo huko badala ya kwenye kiongoza, pembe yote kali huhamia kwenye gurudumu la kapi, ambalo limetengenezwa kwa kazi hiyo, na kiongoza hubaki na kazi ndogo. Pia kebo itajipanga kwenye dramu. Kebo inayovutwa kwa pembe kwa muda mrefu hurundikana upande mmoja wa dramu hadi kugusa fimbo za winchi, zile zinazounganisha pande zake mbili, na jambo hilo hakuna kiongoza kinachoweza kulizuia.

Pembe ndiyo inayofanya unene wa mdomo uwe na maana. Mdomo wa alumini wa unene wa milimita 25 ulioviringwa sawa pande zote mbili hauwezi kuwa na mviringo wa nusu kipenyo kinachozidi milimita 12.5. Kamba ya milimita 10 inapopindwa juu yake huwa inapindwa kwenye duara lenye kipenyo cha mara mbili na nusu tu ya unene wake, na nyuzi za nje hubeba mzigo mkubwa kuliko za ndani. Mdomo wa milimita 38 unaweza kufikisha karibu mara nne. Hata huo haukaribii ukubwa wa gurudumu la kapi zuri, lakini tofauti kati ya mbili na nusu na nne ni kubwa kwa kamba, na mimi ningelipa uzito wa ziada bila kusita.

Kukagua kabla ya kukinunua

Kwa kiongoza cha mdomo, chukua soksi kuukuu ya nailoni, ivae mkononi kama glavu, kisha upitishe mkono taratibu kwenye mdomo wote, ndani na nje, juu na chini, na hasa kwenye kona nne ambako ukingo mrefu hukutana na mfupi. Soksi ikinasa hata uzi mmoja, hapo pana kichomo, na mahali panaponasa soksi patanasa kamba. Kidole pekee hakitoshi kwa ukaguzi huu. Kichomo kidogo kwenye alumini tupu kinaweza kuondolewa kwa msasa mwembamba. Kikiwa kirefu au kikiwa kwenye kona, chagua kingine.

Angalia pia namna kilivyomalizwa. Alumini iliyofanyiwa anodaizi, yaani iliyojengewa gamba gumu juu yake kwa njia ya umeme, huwa na uso mgumu usiobanduka. Kiongoza kilichopakwa rangi ya unga hupendeza kikiwa kipya, lakini kamba huibandua rangi hiyo mahali inapopita, na kingo za rangi iliyobanduka huwa na makali yake. Kuna watu wanaochagua kwa rangi, nami siwalaumu, kwa kuwa gari ni lao. Waichague tu iliyofanyiwa anodaizi, maana nayo hupatikana kwa rangi nyingi.

Kwa kiongoza cha rola, zungusha kila rola kwa kidole. Izunguke bila kukwama, isipige kelele za kusagika, na isichezecheze sana kwenye pini yake. Tazama kama kuna bushi kati ya rola na pini, na kama pini zinaweza kufunguliwa ili rola zisafishwe na kutiwa grisi. Zile zilizopigwa riveti zisizofunguka zikianza kukamata, kiongoza chote hutupwa. Rola iliyokamata ni mbaya kuliko kutokuwa na rola, kwa sababu kebo huisaga mahali pamoja mpaka itengeneze bapa, na bapa hilo huwa na kingo mbili kali. Chunguza vilevile unene wa fremu kwenye matundu ya pini, maana hapo ndipo fremu nyembamba hupinda kwanza.

Kukifunga

Tumia bolti zenye alama ya 8.8 au zaidi kichwani, za kipenyo kinachojaza tundu, na zenye urefu wa kutosha nati ipite na kubakiza nyuzi mbili au tatu za bolti nje. Weka washa bapa kila upande, na kaza kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Alumini inapogusana moja kwa moja na chuma mahali penye maji ya chumvi, huliwa kwa kutu ya umeme. Grisi kidogo au washa ya plastiki kati ya mdomo na bampa hupunguza jambo hilo. Zima umeme wa winchi kabla ya kuingiza mikono karibu na dramu, na uvae glavu ngumu unaposhughulika na kebo ya chuma, kwa kuwa nyuzi zake zilizokatika huchoma kama sindano.

Kabla ya kuvuta mzigo wowote, kebo izungushwe upya kwenye dramu ikiwa imekazwa kiasi. Kwa kebo ya chuma acha angalau mizunguko 5 isiyofunguliwa, na kwa kamba ya sintetiki acha zaidi, kati ya 8 na 10, kwa kuwa ina utelezi na hushika dramu kwa shida.

Kulabu nayo isivutwe mpaka ikabane kwenye kiongoza. Mota ya winchi haina haya. Ikiendelea kuvuta huku kulabu imeshagonga, hupinda fremu ya rola, hupasua mdomo wa alumini, au hukata jicho la kamba. Weka kizuizi cha mpira mbele ya kulabu, simamisha winchi kabla haijagusa, na umalizie ulegevu uliobaki kwa kubonyeza swichi kidogo kidogo huku ukitazama. Jicho la kamba na kiunga chake cha chuma lazima viwe vipana kuliko kimo cha tundu, visije vikaingia ndani.

Baada ya mvuto wa kwanza wa kweli, rudia kukaza bolti, kisha rudia jaribio la soksi kwa kiongoza cha mdomo, au zungusha tena rola zote nne kwa kidole. Tope lililokauka kati ya rola na fremu lioshwe kwa maji kabla halijawa gumu, na grisi iongezwe kila baada ya kuvuka maji. Mdomo ukionyesha mfereji unaoweza kushika ukucha, badilisha kiongoza na ukague kamba urefu wote uliopita humo.